Skrubu Nne

Naomba nianze na ombi dogo. Siku redio itakapopiga tena rekodi ya zamani ya muziki wa dansi, mwache kidogo mwimbaji, yaache matarumbeta na gitaa la solo, ufuate sauti ya chini kabisa, ile inayotembea chini ya wimbo kama mtu anayekagua msingi wa nyumba. Hiyo ndiyo besi. Uzi wake mnene kuliko yote, ukipigwa wazi, hutikisika mara 41 kwa sekunde. Kama unanisikiliza kwa redio ndogo ya mkononi, spika yake haina ubavu wa kuitoa sauti hiyo. Inachotoa ni sauti za juu zinazozaliwa pamoja nayo, zinazotikisika mara mbili, mara tatu, mara nne yake, na sikio lako likishazipata hizo linaijenga ile ya chini lenyewe. Utoto wangu wote nilicheza kwa besi ambayo redio ya nyumbani kwetu haikuwahi kuitoa.

Mwaka juzi niliamua kuitengeneza besi yangu kwa mikono, uani kwangu, hapa hapa Dar es Salaam. Ilinichukua miezi kumi na moja ya jioni na Jumapili. Leo nataka nikusimulie kazi hiyo, kwa sababu imenifundisha kuhusu muziki wetu mambo ambayo miaka ya kuusikiliza haikunifundisha.

Chanzo chake ni jirani yangu, mzee aliyepiga besi katika bendi miaka ya sabini. Jioni moja nilimwamkia, akaitikia, tukakaa barazani, nikamuuliza besi yake iko wapi siku hizi. Akaniambia hajawahi kuwa na besi. Alipiga miaka kumi na minne, na siku alipoacha bendi aliinuka kitini, akaiegemeza besi ukutani, akarudi nyumbani na shati lake.

Wanaoujua muziki wa dansi watamwelewa. Bendi nyingi za enzi zile zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ikaja kuwa ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Hata UDA, shirika la mabasi, lilikuwa na bendi yake. Mwanamuziki aliajiriwa, akapata mshahara wa uhakika, na hilo lilikuwa jema kubwa ambalo wanamuziki wengi wa leo hawalijui. Lakini vyombo havikuwa vyake. Na zilipokuja bendi za watu binafsi, neno lilikuwa lile lile: mwenye vyombo. Watu wakitaka kuanzisha bendi, swali la kwanza lilikuwa vyombo vya nani, na aliyekuwa navyo ndiye aliyeamua nani apande jukwaani na nani ashuke. Mzee wangu aliniambia kwamba katika miaka ile kumi na minne hakuruhusiwa kugusa hata skrubu moja ya besi aliyoipiga kila wiki. Nyuzi zake zilikaa juu mno, zikimchubua vidole, na kila alipoomba zishushwe aliambiwa asubiri fundi. Hili neno la skrubu lilikaa kichwani mwangu. Nitalirudia.

Besi ya umeme yenyewe ni kazi ya fundi redio. Nalisema hili kwa furaha, maana mafundi redio ndio walioifanya sauti yangu iwafikie wazee wetu vijijini. Mwaka 1938, katika mji wa Fullerton, California, Leo Fender alifungua duka la kutengeneza redio. Wanamuziki wakawa wanampelekea vipaza sauti na magitaa yao yaliyoharibika, naye akawa anasikiliza wanacholalamikia. Yeye mwenyewe hakuwa mpiga gitaa. Malalamiko ya wapiga besi yalikuwa mawili: besi ile kubwa ya kusimama ilikuwa mzigo wa kubeba safarini, na bendi ikishapandisha sauti haisikiki. Huko Seattle, Paul Tutmarc alikuwa ameshatengeneza besi ya umeme ya kushika kama gitaa tangu miaka ya thelathini, lakini haikuenea. Ya Fender, iliyotoka mwaka 1951, ndiyo iliyoenea dunia nzima. Aliiita Precision, yaani ya usahihi, kwa sababu shingo yake ina freti, vile vijiti vya chuma vinavyoikata sauti mahali pake, wakati kwenye besi ya kusimama mpigaji anapatafuta mahali hapo kwa sikio na mazoea.

Ninachompendea Fender zaidi ni namna alivyounga shingo na mwili. Mafundi wa magitaa wa Ulaya walizoea kuvigundisha milele. Yeye alikata nafasi ya mraba mwilini, akaipachika shingo humo, akaikaza kwa skrubu nne kutoka nyuma. Shingo ikiharibika, unafungua skrubu nne, unafunga nyingine. Ni akili ya mtu aliyezoea kufungua vitu na kuvirudisha, na ndiyo iliyonipa mimi ujasiri wa kuanza, maana shingo na mwili ni kazi mbili tofauti, na ukikosea moja hujaipoteza nyingine.

Mwili niliuchonga kwa mninga. Nilikwenda Keko kwa mafundi samani, nikanunua mabaki ya mbao zilizokusudiwa kitanda, vipande viwili vya kuunganisha katikati, unene sentimita nne na nusu. Kila nyumba ya Mtanzania aliyepata kununua kitanda kizuri inaujua mninga: kahawia yenye mistari myekundu, na ukiukata mti ungali mbichi hutoa utomvu kama damu. Sifa yake inayomfaa fundi wa vyombo ni kwamba ukishakauka hautetereki. Mvua za masika zikija na unyevu wake, mbao nyingine hujivuta na kupinda, mninga hukaa kimya. Niliuacha chini ya kitanda miezi minne kabla ya kuugusa. Kisha gundi nyeupe, na kwa kuwa sikuwa na vibano vya kutosha, nikaufunga kwa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli, nikizungusha na kuvuta, hadi gundi ikachuruzika mstari wote. Kuchonga umbo kwa msumeno, randa na tupa kulikuwa kazi ya nguvu tu, sitakuchosha nayo.

Shingo ndiyo besi. Humo ndimo nilimopata tabu yangu na raha yangu.

Sikiliza hesabu hii, ni nzuri. Urefu wa uzi unaotikisika, toka kizingiti cha karibu na kichwa hadi daraja la mwilini, ni milimita 864. Ukitaka kujua freti ya kwanza inakaa wapi, gawanya kwa 17.817. Utapata milimita 48 na nusu. Sasa umebakiwa na 815 na nusu. Gawanya tena kwa namba ile ile: freti ya pili iko 45.8 mbele ya ya kwanza. Endelea hivyo, kila nafasi ikiwa finyu kidogo kuliko iliyotangulia, na ukifika freti ya 12 utajikuta milimita 432, nusu kamili ya uzi, pale ambapo sauti inajirudia yenyewe ikiwa juu zaidi. Namba ile ilichaguliwa makusudi ili iangukie nusu. Hata hivyo, nilipoifanya hesabu hii kwa kalamu, mezani, usiku, na 432 ikatokea, niliinuka nikaenda kumwamsha mke wangu nimwonyeshe.

Ubao wa mbele wa shingo, unapobonyezea vidole, niliutaka uwe wa mpingo. Ulaya hutengeneza zumari zao, klarineti na obo, kwa mpingo wa kwetu na wa Msumbiji, kwa sababu ni mzito, hauna vinyweleo vikubwa, na unachongeka hadi nywele. Kipande chake ukikitia majini kinazama. Lakini mpingo ni mti mfupi uliojipindapinda, unaokua taratibu kwa miongo na miongo, na kipande kilichonyooka cha sentimita 70 ni cha kutafuta kwa tochi. Nilikipata kwa wachongaji wa vinyago wa Mwenge, baada ya kurudi mara tatu. Fundi aliyeniuzia alikigonga kwa kucha, akanisogezea sikioni nisikie kinavyolia.

Na kipande hicho nilikiharibu. Badala ya kupima kila freti kutoka kwenye kizingiti, nilipima kila moja kutoka kwa jirani yake. Robo milimita hapa, robo milimita pale, kila kosa likaongezwa juu ya lililotangulia, na nilipomaliza kukata mifereji yote ishirini, freti ya 12 ilikuwa kwenye 434 na nusu. Milimita mbili na nusu. Kwa kabati hilo si kosa. Kwa besi, kila noti ya juu ingelia nje ya wimbo, na hakuna fundi wala mpigaji ambaye angeiponya. Nilikaa na ubao ule magotini hadi adhana ya Isha. Mti uliokua tangu kabla babu yangu hajazaliwa, nimeukosea kwa rula ya shule.

Sikupata kirefu kingine. Nikarudi Mwenge, nikauziwa vijiti viwili vifupi, mabaki ya kinara cha mshumaa. Nikaviunga, na hesabu ikanisaidia: kiungo nilikiweka milimita 287 kutoka kizingiti, mahali pa freti ya 7, ili freti yenyewe ikilalie. Safari hii kila kipimo nilikitoa kwenye kizingiti, nikakirudia mara mbili, siku mbili tofauti. Ukiishika besi leo hutakiona kiungo kile. Kizingiti chenyewe ni mfupa wa ng'ombe niliopewa na muuza supu wa mtaani kwetu, nikauchemsha, nikaukausha juani, nikauchonga kwa tupa. Na kama wewe ni fundi unayenisikiliza, tafadhali vaa barakoa. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kukaba kifua.

Ndani ya shingo, chini ya ule mpingo, umelala ufito wa chuma wa milimita 5. Nyuzi nne za besi zikikazwa zinavuta kwa pamoja kama kilo 80, sawa na mtu mzima mwenye mwili wake, usiku na mchana, mwaka mzima. Mti peke yake ungesalimu amri na kupinda kama upinde. Kwa hiyo unachimba mfereji uliobonyea katikati, unalaza ufito humo, upande mmoja umefungwa, upande wa pili una nati ya kukaza. Ukikaza, chuma kinajaribu kunyooka, na kwa kunyooka kinaisukuma shingo dhidi ya nyuzi. Shingo ya besi iliyonyooka imeshikwa na nguvu mbili zinazovutana sawasawa. Fundi wa mashine za kukereza pale Gerezani alinikatia ncha zake.

Wakati ule wa kuharibikiwa nilijikumbusha waliotangulia. Franco Luambo, yule mpiga gitaa wa Kongo, akiwa mtoto mdogo Léopoldville, Kinshasa ya leo, alijitengenezea gitaa la kopo na nyuzi za waya wa umeme aliouchuna, akalipiga kwenye meza ya mama yake sokoni, wateja wakasogea. Huko huko Kinshasa miaka mingi baadaye, okestra ya kanisa la Wakimbangu ilipokosa besi kubwa za kusimama, Albert Matubanza alizitengeneza mwenyewe, na filamu ya mwaka 2010 inamwonyesha akiwa kazini. Na Uingereza, kuanzia mwaka 1963, kijana Brian May na baba yake Harold walichonga gitaa, shingo yake kwa mbao ya zamani ya juu ya meko. Mbao hiyo ilikuwa na matundu ya wadudu, wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Gitaa hilo ndilo analosikika nalo May katika bendi ya Queen, nyuma ya sauti ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja.

Nije kwenye umeme. Chini ya nyuzi kuna kidude ambacho wanamuziki hukiita pikapu, kwa jina lile lile la gari. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Sumaku inautia uzi wa chuma usumaku kidogo, uzi ukitikisika unaitikisa nguvu hiyo ya sumaku, na ndani ya shaba kunazaliwa umeme mdogo mno unaofuata mtikisiko ule. Hakuna maikrofoni. Ukiongea karibu na besi yangu, haikusikii. Inausikia uzi tu.

Sumaku nilizitoa kwenye vikamatio vya milango ya kabati, vile vinavyofanya mlango ujifunge. Waya niliufumua kutoka kwenye transfoma ndogo ya adapta mbovu, mwembamba kama unywele. Kuuzungusha nilitumia cherehani ya mkono ya marehemu bibi yangu, sehemu ile ya kujazia uzi kwenye bobini. Sasa, utahesabu vipi mizunguko 8,000? Fundi redio mmoja alinionyesha. Chukua kikokotoo cha bei rahisi, unganisha nyaya mbili kwenye kitufe cha sawasawa, na nyaya hizo zipeleke kwenye swichi ndogo ya sumaku. Bandika kisumaku kwenye gurudumu la cherehani. Andika moja kujumlisha moja, na kila gurudumu likipita, kikokotoo chenyewe kinaongeza moja, na kwa kuwa unajua gurudumu likizunguka mara moja bobini inazunguka mara ngapi, hesabu imekwisha. Nilikaa nikitazama namba zikipanda, waya ukipita katikati ya vidole viwili, ukishika sana unakatika, ukilegeza unajaa ovyo. Mara ya kwanza ulikatika nikiwa nimevuka 3,000. Nikaanza upya. Mkono wa bibi uliokuwa ukizungusha mpini ule kwa ajili ya kanga na mashati yetu ya shule niliukumbuka sana usiku huo.

Nilitengeneza koili mbili, moja kwa nyuzi mbili nene, nyingine kwa nyuzi mbili nyembamba, kwa mtindo ambao Fender aliuanzisha mwaka 1957. Koili moja imezungushwa kinyume cha mwenzake, na sumaku zake zimegeuzwa. Sababu ni mngurumo. Umeme wa majumbani kwetu hutikisika mara 50 kwa sekunde, na kila koili ya shaba huunasa na kuuimba. Sasa angalia: noti ya G ya chini, freti ya tatu kwenye uzi mnene, hutikisika mara 49. Mngurumo wa ukutani na noti ya besi ni majirani wa kubanana. Koili mbili zilizopingana zinaunasa mngurumo kila moja kwa upande wake, zinapokutana unafutika, na sauti ya nyuzi inabaki. Mwishoni nilizizamisha koili katika nta iliyoyeyushwa ndani ya sufuria iliyokaa kwenye maji ya moto, ili waya usitikisike wenyewe na kupiga filimbi.

Siku niliyoiunganisha besi na kipaza sauti kwa mara ya kwanza, nilipiga uzi ule mnene mara moja tu. Vikombe kabatini vikaitika. Binti yangu, aliyekuwa amekaa chini kwenye mkeka, akaweka kiganja sakafuni.

Jioni hiyo nilimpelekea mzee. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipima uzito, akaikalisha pajani. Hakupiga wimbo. Alipiga noti moja moja, taratibu, kutoka freti ya kwanza hadi ya mwisho, uzi kwa uzi, akiinamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua. Akafika freti ya 7, akapita. Halafu akaanza kutembea, ule mwendo wa dansi, mbili chini moja juu, na mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni hadi alipomaliza. Nikamwambia akae nayo.

Alikaa nayo siku sita. Siku ya saba alimtuma mjukuu wake airudishe, na salamu kwamba nyuzi zilikuwa juu, amezirekebisha. Nilitazama daraja, sikuona lililobadilika. Nikaigeuza nyuma. Zile skrubu nne za shingo zilikuwa na mikwaruzo mipya ya bisibisi. Nikazifungua. Ndani ya nafasi ya shingo, upande wa chini, alikuwa ameweka kipande cha karatasi ngumu ya boksi la kiberiti, kimekunjwa mara moja na kukatwa kwa wembe, kimenyooka pande zote, ili shingo iinamie nyuma kidogo na nyuzi zishuke zifuate vidole.

Nikakirudisha kama kilivyokuwa, nikakaza skrubu, ya kwanza, ya nne, ya pili, ya tatu. Kipo humo hadi leo.